Hatua Mbili Nyuma Yangu

Juzi, kliniki, muuguzi kijana alisimama nyuma ya binti yangu akamwambia arudie atakachomnong'oneza. "Ndizi," binti yangu akasema. Hasira zikanipanda pale pale.

Nilipokuwa mtoto, bomu lilianguka karibu na kwetu Mutakura. Tangu siku hiyo mwalimu akawa ananichapa kwa sababu kila aliponiita sikuitika. Mama akanipeleka kwa muuguzi mmoja aliyenukia spiriti na sabuni. Alinikunja magoti, akanizungusha mabega, akanitembeza chumbani, kisha akaketi mbele yangu.

"Unanisikia?"

Nilimtazama midomo. Nilidhani ni mtihani, na nilitaka kufaulu.

"Ndiyo, mama," nikamjibu muuguzi.

"Mutoto huyu ni muzima," akamwandikia mama kwenye karatasi huku akitamka. "Ni kichwa ngumu tu."

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Kesho yake mwalimu aliisoma ile karatasi, akaongeza fimbo.

Kama muuguzi yule angekosa tu mashine ya kupimia masikio, ningemsamehe. Lakini alichohitaji ni kuinuka kitini na kupiga hatua mbili nyuma yangu. Hatua mbili! Hata ile ndizi ya binti yangu sikuisikia. Niliisoma midomoni mwake.