Kuku Ndani ya Beseni

Juzi, huko Kasha, nilimwona jirani akipaka miguu ya kuku wake mafuta ya mawese, na harufu ile ikanirudisha nyuma ya nyumba yetu, alasiri moja nikiwa mtoto.

Kuku wetu mwekundu alikuwa amejikunyata tangu asubuhi, akihema mdomo wazi. Maman alichemsha maji, akayapoza ndani ya beseni, akaweka mawese kando. Alipomtia kuku majini, nililia.

“Maman, usimupike!”

“Nani anapika? Iko na yayi imekwama. Kuya umushike, pole pole.”

Nikamshika, moyo wake ukidunda viganjani mwangu. Maman aliongeza maji ya uvuguvugu, akampaka mawese nyuma kwa kidole, huku akimnong'oneza kwa Kimashi, lugha ya kwao, kama anayebembeleza mtoto mchanga. Niliamini maneno yale ndiyo dawa. Leo najua ni joto lililolegeza misuli. Hatimaye yai likateleza, likaanguka majini. Kuku akajikung'uta, akaenda zake kuchakura.

Nilitaka kushangilia, lakini Maman alikuwa ameketi chini, akimfuata kuku kwa macho kama mtu aliyeogopa kumpoteza. Wakati wote wa kazi, hakuwa ameionyesha hofu ile hata kidogo.