Samaki Hahesabu Siku

Nasema wazi: Gunnvor Skjelstad alidhulumiwa, na mimi, mpimaji wa maabara, nilikuwepo, nikanyamaza.

Kwa miaka kumi na tisa Gunnvor ametunza matangi ya samaki aina ya samoni kwenye taasisi yetu ya utafiti hapa kaskazini. Kabla ya hapo alikuwa akidunga samaki chanjo kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka kidole gumba kikapinda. Kila asubuhi hupima joto la maji na kuliandika kwenye daftari lake jekundu.

Kisha tukaletewa mkuu mpya, Eivind, bingwa wa utafiti wa panya. Kazi ilikuwa kulinganisha chembe za kinga za panya na za samoni, tujue kwa nini chanjo ya vidonda vya baridi haishiki. Kila majira ya baridi vizimba vya kaka yake Gunnvor, mfugaji wa samoni, hujaa samaki waliooza ubavu wangali hai. Panya hutengeneza chembe hizo kwenye uboho wa mifupa. Samaki, kwenye figo iliyo nyuma ya kichwa. Hilo Eivind alilijua. Siku ya ishirini na moja tangu samaki wadungwe chanjo akapima, akakuta chembe za samoni chache mno.

"Chanjo imefeli. Ijumaa waueni wote."

"Eivind, umehesabu siku," Gunnvor akamwambia. "Samaki hahesabu siku, anahesabu joto. Maji ni digrii nane. Nane mara ishirini na moja, mia moja sitini na nane. Sisi wa matangini hungoja ifike mia tano ndipo tupime."

"Hiyo hesabu ya wafugaji hiyo. Hapa tunafanya sayansi."

"Haya. Basi njoo uwaue mwenyewe, ndoo ile pale."

Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuuliza. Nilikasirika, lakini nikarudi kwenye vipimo vyangu. Ijumaa Eivind alikuja amevaa viatu vya ngozi. Samaki wa kwanza akamponyoka, akamlowesha hadi kiunoni. Akasema tutamaliza Jumatatu. Jumatatu akasafiri kwenda mkutanoni, na aliporudi hakuigusa tena ndoo. Gunnvor akaendelea kuwalisha samaki.

Siku ya sitini na tatu, hesabu yake ikiwa mia tano na nne, akaniita nipime. Chembe zilikuwa tele.

Eivind akaandika ripoti kwamba yeye ndiye aliyegundua kuwa kinga ya samoni hufuata joto la maji. Jina la Gunnvor halimo hata kwenye shukrani. Ila wakaguzi wa ripoti walidai vipimo vya joto vya kila siku, ikabidi Eivind ateremke matangini kuomba daftari.

Gunnvor alikuwa akila mkate wake wa jibini ya kahawia. Hakunyanyuka.

"Unalitaka leo?" akamuuliza. "Maji ni digrii nane. Rudi baada ya siku sitini na tatu. Au kaa hapo, uandike jina langu kwenye ripoti sasa hivi."