Niliweka fataki za bastola kwenye risasi za bunduki ya Mzee Nassor, nikijua

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuanzisha hata mmoja. Huu ni wa kwanza. Nimebadilisha majina ya watu, mengine yote ni kama yalivyotokea. Atakayeniita muongo namruhusu kabisa, maana uongo ndio umenileta hapa.

Mimi ni mkereza vyuma, mtu wa Morogoro. Nipo Muscat mwaka wa sita, kwenye karakana moja hapa Darsait. Chumbani tunalala watano. Wenzangu wanne ni Wahindi wa mji mmoja, watu wazuri, hawana neno na mtu. Wakicheka, wanacheka wao. Mimi natabasamu ili nisionekane nina kisirani.

Kazini ni Kiarabu cha "yalla", "khalas", "bukra", yaani haya, basi, kesho, na kuonyeshana kwa vidole. Ilifika mahali nikawa naongea na mashine. Msinicheke. Mama yangu alipofariki hakukuwa tena na mtu wa kunipigia simu kuniuliza nimekula nini.

Siku moja kisu cha kukatia chuma kikavunjika mara ya pili, nikaitukana ile mashine kwa Kiswahili, tusi zima zima. Mlangoni nikasikia sauti:

"Itake radhi. Haijakutukana."

Nikageuka. Mzee wa Kiomani, kanzu nyeupe, kofia, bakora, mkononi kashika mpini wa chuma uliovunjika. Alizaliwa Unguja, akaja huku kijana, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Ndiye Mzee Nassor.

Ule mpini ulikuwa wa kimtambo chake cha kujazia risasi. Nikauchomelea, nikaukereza vizuri, akasema hawezi kuufunga peke yake kwa kuwa mikono inamtetemeka. "Ijumaa uje kwangu Al Khuwair. Utakula."

Wakuu, nilikwenda. Nikaenda na Ijumaa iliyofuata, na nyingine, ikawa miaka miwili.

Ngoja nieleze hii habari ya risasi, maana najua mtauliza.

Mzee alikuwa na bunduki ya zamani aliyorithi kwa baba yake, ya kibali, anapiga nayo shabaha na wazee wenzake kwenye uwanja wao nje ya mji. Risasi za bunduki kama ile ni za shida, kwa hiyo alikuwa anatumia ganda lile lile tena na tena: anaingiza fataki mpya kitakoni, baruti, na kichwa kipya mbele. Fataki ni kile kibati kidogo chini ya risasi ambacho pini ikikigonga kinawaka.

Ijumaa ya pili tu aliniambia, "Fataki zangu zinakaribia kwisha, sijui ntapata wapi nyengine."

Mimi mtu wa bara, fataki ninayoijua ni lile zee linalowinda wasichana wa shule kwa chipsi. Nikamtazama vibaya. Alipoelewa nilichoelewa alicheka mpaka akatoa miwani.

"Bara huko kila neno mnalivua nguo," akasema.

Basi ikawa ndiyo Ijumaa yetu. Asubuhi uwanjani, yeye anapiga, mimi naokota maganda. Mimi sikuwahi kufyatua hata moja, kibali si changu. Mchana swala, kisha wali na samaki wa nazi anaopika mwenyewe, chumvi imezidi kila wiki. Alasiri tunakaa mezani: yeye anapima baruti na kunisimanga, mimi naingiza fataki, kwa kuwa vidole vyangu vimetulia.

Alikuwa na mdomo mchafu yule mzee. Kiswahili changu anakisahihisha, ndevu zangu anazisema, timu yangu anaitukana hata haijui. Mkewe alishafariki. Mwanawe Salim alikaa ghorofa ya juu, mtu wa kazi nyingi, anashuka na mfuko wa dawa na kupanda tena. Mimi nikawa namwita ami, na hakunikataza.

Sasa zikaanza kuadimika zile fataki. Kila aliyeulizwa anasema subiri. Miezi ikapita. Kiboksi kikawa kinaisha, na mzee akawa anapiga risasi tano tu kwa Ijumaa, baadaye tatu.

Ijumaa moja akafunga kile kimtambo kwa kitambaa akasema, "Hizi zikisha, basi. Bunduki naitundika. Nshakuwa mtu mzima."

Yeye alisema bunduki. Mimi nilichosikia ni kwamba Ijumaa zimekwisha. Nilirudi Darsait na basi. Nilijiuliza nitakwenda kwa mzee wa watu kufanya nini kama hakuna risasi za kujaza. Mimi ni fundi. Watu wananiita pakiwa na kazi. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba ningeweza kwenda tu.

Wiki iliyofuata akanituma Matrah kwa rafiki yake Khalfan, mpiga shabaha mwenzake, ambaye alisema ana boksi moja. Mzee Khalfan akanipa, akaniambia kwa Kiswahili safi kabisa:

"Hizi za bastola. Upana mmoja na zake, lakini si zake. Mwambie Nassor azitazame kwanza. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Wakuu, sisi mafundi tuna dini yetu moja mbaya: kikiingia, ni chake. Ndivyo tulivyojifunza gereji za nyumbani. Boliti ya gari hili inakwenda gari lile, beringi ya pampu unaiweka kwenye mashine ya kusaga, mteja anaondoka anashukuru. Nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na saba na mara nyingi imekubali.

Njiani kwenye teksi nikalivua lile boksi ganda lake la karatasi lenye maandishi, nikalikunja, nikalitupa kwenye pipa pale kona ya kwa mzee. Nikaingia na trei za fataki zisizo na jina.

Mzee akaniangalia usoni, kitambo kidogo.

"Zile zile?"

"Zile zile, ami."

"Haya. Kaa."

Nikakaa. Nilipoingiza ya kwanza nikahisi imezama kidogo kuliko kawaida. Mkono wa mkereza unahisi vitu ambavyo macho hayaoni. Nikaendelea. Nikajaza kumi. Mzee siku hiyo hakunisimanga sana, nikadhani kachoka.

Ijumaa ya pili yake tukaenda uwanjani. Khalfan alikuwepo na wazee wengine wawili, mbali kidogo, kwenye kivuli.

Ya kwanza ikapiga. Nikaokota ganda. Kawaida pini ikigonga fataki inaacha kidimbwi safi. Hiki kidimbwi kilikuwa na ukingo uliovimba kuzunguka, na kibati kimetandazika. Ya pili vile vile. Ya tatu ilikuwa na doa jeusi la moshi pale katikati.

Mimi chuma nakijua. Nilijua kabisa kile kibati kinaelemewa. Nilisimama na yale maganda matatu ya moto mkononi. Nilisema moyoni, zimebaki saba, zikiisha salama nitamwambia.

Ya nne ikatoa mlio, na pamoja nao kama mtu kapuliza filimbi iliyoziba. Moshi ukatokea nyuma, upande wa mzee, badala ya mbele. Hakupiga kelele. Aliilaza bunduki chini taratibu, kwa adabu, kisha akakaa kwenye mchanga akafunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Nioshe uso," akasema.

Nikamwagia maji. Nikamaliza chupa nzima, kanzu yake ikalowa.

Kwa asiyejua, nieleze hapa, na kama una ndugu anajaza risasi mwenyewe msomee. Fataki ya bastola na ya bunduki kubwa zinaweza kulingana upana, lakini kibati cha ile ya bastola ni chembamba. Presha ya bunduki kubwa inakitoboa. Kikitoboka, gesi ya moto inarudi nyuma kupitia kitundu cha pini, na nyuma ya hicho kitundu ndipo ulipoweka jicho lako. Kuingia imeingia vizuri kabisa. Kuvumilia ndiyo haivumilii. Na miwani ya kukinga macho hakuvaa, alisema inamtia ukungu, na mimi sikumlazimisha.

Khalfan akaendesha gari. Mimi nyuma, kichwa cha mzee mapajani pangu. Khalfan alinitazama kwenye kioo mara moja tu.

Hospitali Salim akaja mbio, bado na kadi ya ofisini shingoni. Mzee akamwambia, "Ganda bovu. Nililiona bovu nikalitia, ubishi wangu." Madaktari walifanya walivyoweza. Jicho lile sasa anaona mwanga na kivuli, basi.

Salim akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumsaidia baba yake. Akaniambia mimi ni kama ndugu. Wakuu, nimepigwa na askari, nimewahi kuanguka kwenye paa, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa shukrani ile. Nikasema "hamna shida" na kutoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa maegesho kwenye jua mpaka kichwa kikaniuma.

Wiki tatu sikwenda. Simu ya Al Khuwair ikiita naiangalia tu.

Ya nne nikaenda. Mzee kalala chumbani, bandeji jichoni, bunduki haipo ukutani, Salim kaichukua. Masikio yake ni mabovu tangu zamani, la kushoto ndilo afadhali, kwa hiyo nilisogea upande huo nikasema kwa nguvu, nikajisikia mwenyewe ninavyosema:

"Ami, zile fataki zilikuwa za bastola. Nilijua. Nilitupa karatasi."

Akanyoosha mkono akatafuta kikombe, nikampa.

"Khalfan aliniandikia ujumbe hata hujashuka kwenye teksi," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nnajua kusoma, nna simu, na nnapiga bunduki tangu babako hajazaliwa. Nlijua."

"Sasa kwa nini ukazipiga?"

Akanigeuzia lile jicho moja. Alikasirika kweli, mishipa ya shingo ilimtoka.

"Weye ulikuja na uso wa mtu anayeomba. Ningekwambia hazifai, Ijumaa ungekuja kwangu kufanya nini?"

Jibu lililonijia lilikuwa la kijinga, nikalitoa hivyo hivyo.

"Ningekuja kula."

"Ungesema, basi," akasema. "Hata mie ningesema."

Hakuna aliyelia, msingoje hilo. Aliniambia samaki yupo jikoni nipashe moto. Kile chakula kilikuwa cha mkwe wake, mke wa Salim, chumvi ya kiasi, na sikuweza kumaliza.

Siku chache baadaye Salim akampeleka mzee Sur kwa dada yake, kwa kuwa hawezi tena kukaa peke yake mchana, na Salim na mkewe wanashinda kazini. Nilikwenda kusaidia kufunga mizigo. Kile kimtambo mzee alisema nikichukue, nikakataa. Akasema kichukue kama chuma chakavu, ukereze vitu vya maana. Kipo chini ya kitanda changu, sijakigusa.

Sur ni mbali kwa mtu mwenye ofu ya siku moja. Ananipigia. Hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo anaongea peke yake dakika tano, joto la huko, wajukuu wasiojua Kiswahili, kisha anauliza, "Umekula?" Nikimjibu anasema, "Eh? Haya, haya," anakata. Sijui amesikia au hakusikia.

Salim bado hajui. Mzee amenikataza kumwambia, na sina hakika kama kumtii ni heshima au ni woga wangu ule ule. Hapo nahitaji ushauri wenu kwa dhati, hata wa kunichana.

Nilichojifunza ndicho hiki. Kwa mnaojaza risasi, popote mlipo na kwa vibali vyenu: fataki zikiadimika, acheni kupiga. Ngojeni. Bunduki haina njaa. Usibadilishe kwa sababu imeingia, na usikubali za kuletewa hazina maandishi yake. Ukiona alama ngeni kitakoni mwa ganda, ile ile ya kwanza, simamisha hapo hapo na useme kwa sauti.

Kwa mlio ughaibuni kama mimi: kama kuna nyumba unakwenda kila wiki na mkononi umeshika spana, siku moja iache spana, ubishe hodi mikono mitupu. Mimi sikujaribu, na mzee wa watu amelipia kwa jicho.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Semeni mlichonacho, na kama yupo anayekaa Darsait, Ruwi au Matrah anayeongea Kiswahili, aandike hapa chini. Ijumaa nipo tangu asubuhi. Sina kazi ya kukupa wala sihitaji kufanyiwa kitu, nataka tukae tu.