Tuchague Jina Moja, Tukae Nalo

Miaka ya tisini mume wangu alipofariki, aliniachia watoto, shamba la mihogo, na mizinga ya nyuki kule porini Ugalla, kila mmoja una alama ya nyumba yetu aliyoichonga kwa shoka. Mizinga ile ndiyo iliyosomesha watoto wangu, kwa hiyo msinishangae nikiisemea kwa ukali.

Mwaka uleule aliofariki, kikundi chetu cha nyuki kilitaka kusajiliwa, na wilayani Mpanda wakatuambia tulete katiba. Rasimu iliandikwa na wanaume kwa zamu, kila mmoja na maneno yake. Mwanzoni walituita wanachama, mbele kidogo wafugaji nyuki, na penye haki ya kupiga kura na kutundika mizinga katika eneo la kikundi wakaandika warina asali. Hapo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akachangamka. Kwetu mwanamke hapandi mtini kurina. Yeye ndiye aliyekuwa akinirinia, na sasa aliitaka mizinga iwe yake.

"Shemeji, wewe siyo mrina," aliniambia mbele ya mkutano. "Katiba yenyewe inasema."

Nilitamani kumrushia kigoda.

Katibu wetu alikuwa katekista, tukimwita mwalimu, mtu wa kuuliza swali na kungoja jibu. Wengi wetu hatukujua kusoma, kwa hiyo aliisoma rasimu kwa sauti, na kila alipofika kwenye jina jipya alisimama.

"Huyu ni nani? Ndiye yule wa mwanzo, au kaja mwingine?"

Watu waliguna. Wengine walishaanza kuwaza ugali. Hakujali.

"Anayesoma atarudi juu aangalie," alisema. "Anayesikia tu, akisikia jina jingine anajua kaja mtu mwingine. Nyie chagueni moja, tukae nalo mpaka mwisho."

Tukachagua mwanachama. Bado hakuturuhusu kuondoka, akataka tuseme mwanachama ni nani. Tulibishana mpaka sauti zikakauka, ndipo tukapata hivi: ni mtu mwenye mzinga wenye alama yake katika eneo la kikundi, awe anarina mwenyewe au anariniwa na mwingine. Mikono ikanyooshwa, mingi. Wa shemeji ulibaki gotini. Mimi nililia palepale bila aibu, na yule mwalimu ninamshukuru hadi leo, pamoja na usumbufu wake wote.

Miaka michache baadaye shemeji alianguka kutoka mtini akirina, na mguu wake haukupona vizuri. Alikuja kwangu, nikamwekea chai. Akauliza, bila kunitazama, kama kwenye kikundi bado yumo.

Nilimtamkia maneno yale kwa kichwa, polepole, kama mwalimu alivyotusomea: awe anarina mwenyewe au anariniwa na mwingine.

"Umo, shemeji," nikamwambia.

Msimu ule mwanangu mkubwa alirina mizinga yetu, kisha akaenda kurina ya baba yake mdogo.