Hospitali ya Maboksi

Walimu wenzake walimbandika jina la Bi Maboksi, naye hakulikataa. Kila asubuhi aliingia shule ya chekechea amekumbatia boksi tupu la dukani, na mlinzi hakuchoka kumtania, "Unahama tena, mama?" Alikuwa anajenga hospitali. Mwaka uliopita, siku ya chanjo, darasa lake zima lilitimua mbio, na binti mmoja mdogo kuliko wote alimng'ata muuguzi mpaka akapiga yowe. Tangu hapo binti huyo akaitwa Meno. Bi Maboksi aliona aibu, akaapa kwamba chanjo ijayo haitawakuta hivyo.

Mwanzoni alivurunda. Mwalimu ni mwalimu tu, afanyeje? Aliwagawia watoto kazi, akawapa na maneno ya kusema, akasimama mbele yao na rula.

"Mimi ni daktari!" wakaitikia wote kwa pamoja. Mgonjwa mwenyewe alisimama wima, mikono nyuma, akisubiri kuulizwa swali. Mchezo gani huo? Lilikuwa gwaride.

Alirudi nyumbani amenuna, akamsimulia mumewe.

"Na wewe ulikuwa nani?" mume akauliza.

"Mimi? Mwalimu."

"Hospitalini kuna mwalimu?"

Alitaka kumjibu vibaya, akaishia kwenda kutafuta mkeka.

Kesho yake aliiacha rula kabatini, akajilaza kwenye mkeka katikati ya maboksi, akaanza kuguna. Watoto wakatazamana. Meno ndiye aliyesogea, akamwekea kizibo cha chupa kifuani.

"Unaumwa wapi?"

"Sijui, daktari. Ila sindano naiogopa."

Meno akafikiri kidogo. "Usiangalie sindano. Niangalie mimi." Akamchoma kwa kijiti cha kuhesabia, kisha akampuliza mkono. Kuanzia siku hiyo hospitali haikukosa foleni.

Haikukosa na lawama. Mzazi mmoja alikuja juu: mwanawe kamchoma bibi yake kwa uma, tena bibi wa watu kalala! "Tunawaleta wasome, siyo wacheze!" Mwalimu Mkuu, mama asiyecheka ovyo, akaja kusimama mlangoni.

"Takataka hizi ziondoke."

"Baada ya chanjo, Mkuu."

"Leo."

"Baada ya chanjo." Bi Maboksi hakurudi nyuma hata hatua. "Wakikimbia tena, maboksi nitayatupa mwenyewe."

Mkuu alimkazia macho. "Haya. Wakikimbia, maboksi yatatoka, na wewe utayafuata."

Siku ikafika. Muuguzi alikuwa yule yule, safari hii kavaa mikono mirefu. Walimu nao walitakiwa kuchanjwa, na Mkuu akakaa wa kwanza ili watoto waone mfano. Akapandisha mkono wa gauni, akaiona sindano, na uso ukambadilika. Akainuka.

"Nimekumbuka kuna simu natakiwa nipige."

Foleni yote ikageuka kumtazama. Bi Maboksi akapiga hatua kumwendea. Mkuu akitoka, watoto watamfuata mbio, na kazi ndiyo imekwisha. Angesema nini, na kwa mkubwa wake? Kabla hajafungua mdomo, Meno alichomoka kwenye foleni, akamshika Mkuu kidole.

"Kaa, mama. Usiangalie sindano. Niangalie mimi."

Mkuu akakaa. Akamwangalia Meno bila kupepesa mpaka muuguzi akamaliza, na Meno akampuliza mkono kama desturi ya hospitali yao inavyotaka. Kisha wakaja watoto. Wawili watatu walilia, hakuna aliyekimbia. Zamu ya Meno ilipofika, muuguzi alirudisha mkono nyuma kidogo.

"Usiogope," Meno akamwambia. "Sing'ati tena."

Mchana, Bi Maboksi alipokuwa anafagia darasa, mlango ulisukumwa kwa mguu. Mkuu akaingia amekumbatia boksi kubwa la karatasi za ofisini, kubwa kuliko yote yaliyokuwamo.

"La nini tena hilo, Mkuu?"

"Wodi," akasema, akilitua chini taratibu kwa sababu ya mkono. "Wagonjwa wenu mnawalaza wapi?"