Aliyejiunga Kila Mlima

Bado naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ingawa mengi yamekwisha kunitoka. Nilikuwa kijana, nimehamia Kibondo kutoka Kasulu na mama yangu mgonjwa. Mvua zilikuwa zinakaribia na shamba letu la maharage lilikuwa pori tupu. Huku watu hulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Basi nikapita kila mlima nikijiunga na kila kikundi, nikidhani vikundi vingi ndiyo majembe mengi. Kila mahali nililima siku moja, nikanywa pombe yao ya ndizi, nikaenda zangu.

Siku ya zamu yangu nilisimama njiani hadi jua likawa la utosi. Kila kikundi kilidhani wenzao wa mlima wa pili wamekuja. Akatokea jirani yetu peke yake, Mzee Ntabaye, jembe begani. Hakunionea huruma.

"Umejiunga kila mlima," akasema, "na hakuna mlima unaolijua jembe lako."

Tulilima wawili. Maharage ya mwaka ule yalikuwa ya kuonja tu, na mama alilala njaa mara nyingi. Hilo linaniuma hadi leo.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulinipigia kutoka chuoni Kasulu. Ukasema nyuki wako wanahama, kule mtandaoni umeuliza hakuna anayejibu, na sasa unataka kuiuza mizinga. Nimechoka, mwanangu, na simu hii inaniumiza macho, lakini niliufungua mtandao huo nikatazama ulichoandika. Mtandao wenu huo hauna mwenye nyumba mmoja. Ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza habari, kila moja na mwenyewe, zinapelekeana habari. Wewe, kwa maneno yako mwenyewe, umejiunga na kila jumuiya, vile vikundi vya mazungumzo vya humo, yenye neno nyuki, hata za wauza mishumaa ya nta. Salamu hujatoa hata moja. Sisi Waha tunapiga makofi na kuulizana habari za nyumbani kabla ya kuomba chumvi, wewe umeingia na shida tu. Mtaka yote hukosa yote.

Punguza. Wala usidhani jumuiya nzuri haipo kwa kuwa hukuiona ulipotafuta. Seva yako huonyesha zile ambazo mtu wa humo ameshajiunga nazo. Ya mbali itafute kwa kuandika anwani yake nzima, jina lake na jina la seva inakokaa, kama unavyomuulizia mtu kwa jina na kijiji chake. Ukijiunga, habari zake zitaanza kufika, na wenzako wa seva yako nao wataiona. Kisha kaa. Mjibu anayeuliza unachokijua, hata kiwe kidogo. Wakishakuzoea, waeleze habari ya nyuki wako. Mizinga usiiuze kabla ya hapo.

Mimi sitakuwapo kukusukuma kila mara. Mungu akulinde, mwanangu, na siku ya zamu yako, utakapotazama njia, uone majembe yanakuja.