Mama Anaamini Baba Ameajiriwa na Kaunti

Admin, tafadhali nifichie jina langu na la shule yangu, maana Wakenya wa Doha tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko darasa la kumi na moja. Naishi na mama mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na sebule, juu ya duka la kushona abaya. Mama ni muuguzi katika kliniki. Baba yuko Amerika, huu ni mwaka wa nne, katika mji mdogo ambao hata mwalimu wangu wa jiografia haujui. Wazazi wangu hawajaachana. Baba alikuwa akitupigia simu kila Ijumaa, siku ya ibada huku, tukitoka kanisani.

Miezi mitatu iliyopita simu zilikatika. Mama alimwandikia baba mdogo, ambaye pia yuko Amerika lakini jimbo lingine. Akajibu kwa kifupi: "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Jamaa yuko kaunti. Hatapiga simu kwa muda."

Mlio nyumbani Kenya mnajua uzito wa neno kaunti tangu serikali za kaunti zianze. Mtu akisemwa yuko kaunti, basi amepata kazi, na ukoo mzima unaanza kumtafuta. Mama alikaa kitandani na sare yake ya kazi, akamjibu baba mdogo kwamba Mungu ni mwema. Kuhusu simu, alijiambia mwenyewe kuwa wafanyakazi wapya wa serikali huwa kwenye mafunzo. Ijumaa iliyofuata alitoa shukrani mbele ya ushirika wetu. Rafiki yake wa Al Wakrah, Mama Brian, akaanza kumtania: mke wa mheshimiwa, ukifika Amerika utashika simu zetu kweli, ama tutaongea na sekretari? Mama alicheka mpaka akafuta macho. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Wiki mbili zilizopita mama aliniomba nimtafutie anwani ya ofisi ya baba kwenye mtandao, aiweke kwenye fomu zake za kuomba kumfuata Amerika. Niliandika jina la kaunti ya ule mji wa baba, kisha majina matatu ya baba. Ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wa polisi wa kaunti hiyo. Huko orodha ya waliokamatwa na walio jela iko wazi, mtu yeyote anaisoma, hata aliye Doha. Kaunti ni ndogo, majina hayakufika hamsini. La baba lilikuwa kati ya mengine, na picha yake kando, amevaa nguo ya rangi ya machungwa, ndevu hazijanyolewa.

Nilisoma kama tulivyofundishwa kusoma ufahamu, polepole, kutoka juu hadi chini. Urefu. Uzito, amepungua. Kazi, hana. Kosa, kuendesha gari akiwa amelewa na kutofika mahakamani alipoitwa. Tarehe ya kuingia ilikuwa siku moja kabla ya Ijumaa ya kwanza aliyokosa kutupigia. Tarehe ya kutoka, wazi. Chini kabisa wameandika kwamba kukamatwa si kupatikana na hatia. Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi kuliko zote. Halafu nilifunga kompyuta, nikaosha vyombo, nikafanya hesabu zangu. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijui kama hiyo ni kawaida.

Mama aliporudi nilimwambia sijaipata anwani. Huo ndio uongo wangu wa kwanza mkubwa kwake.

Kesho yake nilimwandikia baba mdogo nikamuuliza. Akanipigia nikiwa kwenye basi la shule, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Ndipo akasema, "Mwanangu, huku mtu akiwa kaunti, yuko jela ya kaunti. Nilidhani mama yako ameelewa. Aliposema Mungu ni mwema nikashangaa, lakini sasa ningeanzia wapi?" Aliniomba nisimwambie mama, akasema baba mwenyewe ataeleza akitoka. Nikauliza anatoka lini. Akasema hajui.

Ule ukurasa unaeleza kwamba walio ndani wanaweza kuandikiwa postikadi. Nimemwandikia baba. Nimemwambia niko salama, nimekuwa wa tatu katika Kemia, na kwamba mimi najua. Bado sijapata jibu.

Ningeweza kungoja. Lakini mkataba wa mama unaisha, na Jumapili hii lazima aiambie kliniki kama anaongeza miaka miwili ama anaondoka. Ameamua kuondoka. Anasema baba sasa ana kazi ya serikali, kwa hivyo twende tukangojee karatasi za Amerika nyumbani Kenya. Kibali changu cha kukaa hapa kiko chini ya kazi yake. Akiacha kazi, sote wawili tunaondoka, na mimi naacha shule kabla ya mtihani wa mwisho. Na nyumbani hakuna karatasi zozote zitakazokuja.

Naogopa nikisema, yule mama aliyecheka kanisani ataisha. Tena ataulizwa na kila mtu. Nisiposema, atapoteza kazi kwa sababu ya neno moja.

Jana aliniletea barua yake ya kuacha kazi, nimsahihishie Kiingereza. Mstari wa tatu unasema kwamba mume wake ameajiriwa na kaunti. Nimerekebisha koma mbili na neno moja lililokosa herufi. Mstari wa tatu sijaugusa, na anaitaka barua yake Jumamosi jioni.

Dada zangu, mama zangu mnaosoma hapa, ninyi mngetaka mtoto wenu awaambie? Na kama mngetaka, aanze na neno gani?